Mwamba Unafunguliwa Novemba

Agosti 9, Jumamosi

Upepo wa Agosti umeamka na vumbi lake. Leo nimefagia duka mara tatu, na nguo nyeupe zote nimezifunika kwa plastiki. Nasema duka, lakini ni chumba kimoja hapa Bertrams: nusu yangu na cherehani mbili, nusu ya Clémence na viti vyake vya kusukia nywele. Clémence ni Mrundi, ana mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Tumekaa humu miaka sita na hatujagombana ila kwa sababu ya redio.

Tulipokuwa tukifunga jioni niliuona mwezi ukichomoza upande wa Troyeville, mzima, mwekundu kwa vumbi. Nikajisemea, "Leo bamvua." Clémence akacheka.

"Weye Biubwa, bahari iko wapi hapa? Hata maji ya bomba inatushinda."

Ni kweli. Lakini aliyezaliwa Kibambani hawezi kuutazama mwezi asifikirie maji. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ni bamvua, maji hupwa mpaka mwamba wa mbali ukaonekana, na wanawake wakashuka kuchokoa pweza. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, watu hukaa majumbani wakasuka ukili. Nimekuwa Johannesburg miaka kumi na sita, mume nimemzika huku, mtoto nimemzaa huku, na bado siku zangu nazihesabu kwa maji ya kule.

Mama alipiga simu baada ya magharibi. Mwamba wetu umefungwa tangu Juni ili pweza wazae, kijiji kizima kimekubaliana, hakuna anayeshuka na fimbo. Utafunguliwa bamvua la mwezi mpevu wa Novemba.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Magoti yangu yamebakiza msimu mmoja. Nikuonyeshe nyumba zetu kabla sijawa mtu wa kubebwa."

Nyumba anazosema ni mashimo ya pweza. Kule kwetu kila mwanamke ana yake mwambani, anayajua yeye peke yake. Ukimtoa pweza leo, mwingine atahamia humo humo, miaka nenda miaka rudi. Mama alipewa yake na bibi, na bibi alipewa na mamake. Hayaelezwi kwa mdomo. Hutembezwa kwa miguu, mama na bintiye, na mwenye kuyashika huwa mmoja tu. Nami ndiye binti pekee.

Nikamjibu, "Inshallah, Mama."

Agosti 14

Vumbi. Nguo mbili za harusi, moja imerudishwa kwa sababu bibi harusi amenenepa. Kosa langu, bila shaka.

Agosti 24, Jumapili

Mwezi umeandama jana. Zubeda, binti yangu, amenionyesha kwenye simu video ambayo kaunti yetu imetoa kuwaita wageni. Kwale yote imo ndani: mbega wanaruka juu ya miti ya kaya, msitu wetu wa matambiko, pomboo wanacheza, matumbawe ya kale yamesimama nchi kavu kama bustani ya mawe. Halafu ghafla nikaiona mikoko ya Kibambani, na daraja la mbao ambalo kikundi cha kina mama kimelijenga katikati yake ili wageni wapite juu ya tope. Nikapiga kelele hadi Zubeda akashtuka.

Aliniuliza kwa Kiingereza kama pale ni mahali pa kweli au ni picha za kutengenezwa na kompyuta. Kiswahili anakisikia chote, lakini kukisema anaona ni kazi. Ana miaka kumi na minne, amepewa jina la bibi yake na hajawahi kumshika mkono.

Aliyekuwa akiwaongoza wageni katika video ni Chiku, mke wa kaka yangu Athman. Amevaa kizibao cha manjano, ananyoosha kidole kumwonyesha mzungu ndege aitwaye kulasitara, anasema maneno yamenyooka. Huyu Chiku ni mtu wa bara, ametoka Kondoa. Alipoolewa kwetu alimkimbia kaa mmoja, mdogo kama kifuniko cha chupa, mpaka barabarani, na khanga akaiacha pwani. Tulimcheka mwaka mzima, hata mimi kwa simu. Leo yeye ndiye mwenyeji, anaeleza bahari yetu! Sitaficha, niliona kijicho.

Septemba 2

Msimu wa sherehe za matriki, za wanaomaliza sekondari, umefika. Wasichana wa Jeppestown na wa hapa wote wanataka nguo za mkia mrefu, zinazong'aa, na wanazitaka jana. Nina nguo kumi na moja ukutani. Nikitaka kuishusha iliyo juu natumia fimbo yangu ya pweza, ambayo ncha yake ya chuma imepinda vizuri kushika kamba. Ni ya mti wa mkandaa. Mama alinipa siku naondoka Kibambani, akasema tu, "Hii ni yako." Imekaa nyuma ya mlango miaka yote hii, na imeshusha nguo nyingi kuliko pweza.

Septemba 7, Jumapili

Mwezi umepatwa jioni hii. Barabara nzima watu walitoka nje kuutazama ukigeuka rangi ya shaba. Wakongo wa ghorofa ya pili waliimba pambio, sisi wachache tulisali. Nilimpigia Mama tukautazama pamoja, yeye kizingitini kwake, mimi barabarani.

Sauti yake imechoka. Akasema fimbo yake imevunjika. Aliiegemea kupanda ngazi za msikiti, ikakatika katikati. Sasa anatembelea mti aliochongewa na Athman. "Ni mti tu," akasema. "Haunijui."

Nikamwambia pole, Mama. Akaniuliza kama nimeshakata tikiti ya Novemba. Nikasema kazi imenibana kidogo, nikimaliza nguo za matriki nitaangalia. Na Zubeda ana mitihani. Akasema haya mwanangu, Mungu akufanyie wepesi.

Baada ya kukata simu niliumia. Mwanamke aliyetembea juu ya mwamba maisha yake yote anaegemea kijiti kisichomjua! Na fimbo yangu mimi, nzima, imesimama nyuma ya mlango ikishusha nguo.

Septemba 13, Jumamosi

Nimefanya jambo jema leo. Mwanasha, mfanyabiashara wa Mombasa anayekuja kununua viatu huku, anarudi kesho, na Jumatano ana safari ya Kwale. Nimempa fimbo amfikishie Mama. Nimeifunga kwa kitenge kipya, nikaongeza na dira niliyomshonea, ya kijani, shingo pana anavyopenda.

Clémence alikuwa akimsuka mtu, akaacha kitana hewani.

"Ile fimbo si mama yako alikupa?"

"Yake imevunjika."

"Sawa. Lakini weye, unatuma fimbo, na mikono yako inabaki hapa? Kwetu jembe ambayo wazazi walikupa hairudi peke yake."

"Hili si jembe, Clémence."

"Nimesema kwetu," akajibu, akaendelea kusuka.

Warundi na majembe yao. Nilifunga fundo la mwisho nikamkabidhi Mwanasha. Nitanunua fimbo ya kushushia nguo pale kwa Mhindi wa vifaa.

Septemba 18

Mwanasha ameandika: amemkabidhi Mama mkononi. Ninangoja simu.

Septemba 19

Hakuna simu. Labda hana chaji.

Septemba 22

Mwezi umeandama tena. Nimepiga, Mama hakupokea. Jioni Chiku ameandika neno moja: "Imefika." Hata asante hakuna. Sikutuma ili nishukuriwe, lakini mtu hufurahi kusikia kwamba dira imemkaa. Nguo nne zimebaki.

Septemba 24

Sikukuu ya urithi. Huku leo kila mtu huvaa vazi la kwao na harufu ya nyama ya kuchoma imejaa mtaa mzima. Clémence amevaa imvutano yake, amependeza sana. Mimi nilijifunga leso. Zubeda alipiga picha za wote isipokuwa yeye mwenyewe.

Oktoba 3, Ijumaa

Chiku amepiga simu, kitu asichofanya. Nilikuwa na pini mdomoni na msichana amesimama nusu uchi mbele ya kioo.

"Wifi," akasema, "njoo kabla ya bamvua hili. Usiniulize kitu. Njoo tu, hata siku mbili."

"Mama anaumwa?"

"Mama haumwi. Njoo."

Nikamuuliza safari ya Johannesburg mpaka Kwale anadhani ni kwenda sokoni na kurudi? Akasema, "Mimi nimeshasema, wifi," akakata. Nilimweleza Clémence nikamwambia huyu ana jambo lake analolitaka, labda kikundi chao kinataka vitambaa.

Oktoba 7

Mwezi mpevu. Maji yamekatika Bertrams yote. Tumepanga foleni ya ndoo kwenye lori la maji, na mwezi ukatutazama.

Oktoba 12, Jumapili

Sijui nianzie wapi.

Mama amepiga asubuhi, mwenyewe. Nilifurahi hata nikasahau kumwamkia, nikamwamkia katikati ya sentensi, akanijibu marahaba kwa upole. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. Akaniuliza habari za Zubeda na za kazi. Nikamuuliza kama fimbo imemfaa.

"Sikuitumia mimi," akasema. "Nimempa Chiku. Jumatano na Alhamisi nilimtembeza mwambani. Hatukuchokoa, tulitembea tu, mwamba si bado umefungwa? Nimemwonyesha nyumba zote, Biubwa. Magoti yalilia lakini tumemaliza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasema, Mama, nyumba gani?

"Zetu."

"Mama, lakini mimi nakuja Novemba!"

Ndivyo nilivyosema, na hadi dakika ile sikuwa nimekata tikiti, wala nafasi ya siku moja sikuwa nimeitenga. Mama hakunikatiza. Alisubiri nimalize kusema, nami nikasema mengi, kwamba mimi ndiye bintiye, kwamba Chiku si damu yetu, kwamba ana miaka minane tu pwani.

"Mwanangu," akasema, "fimbo uliirudisha wewe. Mimi sikuiomba."

"Nilikutumia uitembelee! Yako ilivunjika!"

"Nilikwambia yangu imevunjika ili uje na yako. Fimbo ikirudi na mwenyewe, tunashuka. Ikirudi bila mwenyewe, amezirudisha nyumba. Hilo ni jambo la kufundishwa mtu mzima?"

Nikasema sikujua. Wallahi nilisema sikujua, na sauti yangu ikapanda hadi Zubeda akatoka chumbani.

"Ulijua," Mama akasema. "Ulikuwepo ya shangazi yako iliporudi."

Hapo nikakaa kitako. Nilikuwapo, ni kweli. Nilikuwa mdogo, nimekaa kwenye baraza na mabuyu mkononi. Shangazi Mwanamvua alikuwa ameolewa Tanga. Utingo wa basi alileta fimbo yake imefungwa kwa kamba ya katani, akampa bibi. Bibi aliipokea, hakuuliza hata habari za aliyeituma. Aliingia ndani akafunga mlango. Watoto tuliambiwa tusipige kelele, kama siku ya msiba. Bamvua lililofuata bibi alishuka pwani na Mama, mke wa mwanawe, wawili tu, na tangu siku ile mwamba ukawa wa Mama. Hakuna aliyenieleza maana yake, na hapakuwa na haja. Nilielewa nikiwa na vidole vyekundu vya mabuyu. Mtoto yeyote wa Kibambani angeelewa. Ni mimi wa Bertrams niliyeiona fimbo nikaona ni mti wa kumsaidia mzee.

"Sina kinyongo," Mama akasema. "Uliirudisha kwa heshima, ukaifunga kwa kitenge kipya, ukaniletea na dira. Shangazi yako alituma yake kwa kamba ya katani. Nikasema basi, mwanangu ameniaga vizuri."

Nikamwambia, Mama, nipe tena. Mwambie Chiku anirudishie. Akasema Chiku amekwisha kula kiapo, na nyumba hazigeuzwi kama khanga. Kisha akanituliza, yeye ndiye akanituliza mimi. Akasema asiyekuwepo na lake halipo, si kwa ubaya, ndivyo ilivyo tu, na mwamba hauwezi kukaa bila mtu. Nililia, naye akaniacha nilie hadi salio lake likaisha.

Jambo linalonichoma zaidi ni simu ya Chiku. Nilikuwa na pini mdomoni. Alijua kinachokuja akanipigia, yeye ambaye angefaidika kwa kunyamaza. Nami nikamdhania vitambaa.

Oktoba 13

Sikufungua duka.

Oktoba 14

Nimemweleza Clémence. Nilitaka anihurumie. Alinipa chai, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema:

"Nilikuambia habari ya jembe."

"Ulinambia."

"Mimi kwetu jembe yangu iko. Ndugu yangu anaitunza. Njia ya kurudi ndiyo haiko, unajua, mimi ni mkimbizi. Weye njia ilikuwa wazi, Biubwa. Ilikuwa ni kukata tikiti tu." Akanywa chai yake. "Nakupenda, ndiyo maana nasema."

Nilimkasirikia saa nzima. Kisha nikaenda kununua mikate nikamletea mmoja.

Oktoba 19

Mijakaranda imechanua barabarani, zambarau tupu, watu wanasimama kupiga picha. Nimeipita bila kuitazama. Nimewaza jinsi nilivyozoea kusema "bamvua lijalo". Mama alipovunjika mkono, nilisema bamvua lijalo. Athman alipooa, bamvua lijalo. Nilidhani bahari ina mabamvua mengi, na ni kweli inayo. Magoti ya Mama ndiyo hayakuwa mengi.

Tena si kazi peke yake iliyonizuia, na leo naliandika. Niliona haya. Niliogopa kushuka mwambani na wanawake wenzangu, niteleze kama mgeni, wanicheke kama tulivyomcheka Chiku. Nilitaka nirudi siku nitakapokuwa mtu fulani. Chiku alichekwa mwaka mzima na akashuka tena kila bamvua hadi akajua.

Oktoba 28

Mvua ya mawe imetoboa bati la nyuma. Nguo tatu zimelowa. Nimefua, nimeanika, nimepiga pasi.

Novemba 7, Ijumaa

Mwamba umefunguliwa leo.

Nilimwandikia Chiku jana nikamwomba anionyeshe kwa simu. Sikujua atakubali. Saa tatu ya huku, ambayo ni saa nne ya kule, simu ililia nami nikamwacha bibi harusi mmoja amesimama na upindo nusu. Zubeda hakuwa na mtihani, alikuja akasimama nyuma yangu. Clémence naye akaja na mafuta mikononi.

Pwani ilijaa watu. Kaunti imeleta mahema, wageni wana kofia kubwa, na kijana mwenye kipaza sauti alikuwa akitaja vivutio vyetu kimoja kimoja, mikoko, kasa, kaya, kama anayenadi samaki. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mkadi. Alikuwa amevaa dira ya kijani. Imemkaa vizuri, ila mabega yamepungua kuliko nilivyoyakumbuka wakati nakata kitambaa. Chiku alimsogezea simu.

"Biubwa, umeona maji?" akasema Mama. "Yamepwa mpaka kule, kama zamani."

Zubeda akainama juu ya bega langu. "Shikamoo, Bibi," akasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, akisukuma kila moja.

"Marahaba, wajina! Mbona umekuwa mrefu hivyo? Utakuja lini nikuone?"

Zubeda alinitazama mimi. Mimi nikatazama simu.

Filimbi ikapigwa na wanawake wakashuka. Chiku alishika simu mkono mmoja na fimbo mkono mwingine. Aliniruhusu nione yote: nyasi za bahari zimelala, vidimbwi vyenye samaki wadogo wa buluu, pweza wa kwanza wa jirani akishangiliwa na wageni. Alitembea bila kuangalia chini. Miguu yake ilijua pa kukanyaga. Nilikuwa nikijiambia sasa tumefika kwenye jiwe lile refu, sasa tunakata kulia, maana mpaka pale nilifika na Mama utotoni. Kisha akasimama.

"Wifi," akasema. Alikuwa akihema. "Hapa inabidi nizime. Nimeapa."

"Mimi pia, Chiku?"

"Nisamehe, wifi. Mimi ningependa."

Kioo kikawa cheusi. Bibi harusi akakohoa. Nikarudi nikapiga magoti nikamalizia upindo wake, na Clémence akapunguza redio bila kuombwa.

Novemba 9

Chiku ametuma picha ya Mama anakula supu ya pweza. Pweza wa kwanza amempelekea yeye.

Novemba 20

Mwezi umeandama. Mitihani imekwisha. Zubeda ameniuliza kama yeye angeweza kuonyeshwa zile nyumba siku moja. Nikamwambia hapana, sasa zitakwenda kwa binti wa Chiku. Akauliza kwa nini, nikamweleza yote, na fimbo. Nilitegemea atasema kitu. Alisema "eish, Mama," akaninyang'anya vyombo akaviosha yeye.

Novemba 30, Jumapili

Nimekata tikiti. Mbili. Tunaondoka Desemba 17, duka linabaki kwa Clémence. Harusi mbili za Desemba nimezikataa. Nilidhani kuzikataa kutaniuma, lakini haikuwa hata dakika kumi. Hilo nalo limenitia uchungu, kujua kwamba lilikuwa jambo jepesi hivyo siku zote.

Nimempigia Mama. Amefurahi sana, amecheka hadi akakohoa. Hakusema lolote juu ya mwamba, nami sikusema.

Desemba 6, Jumamosi

Mvua imenyesha mchana kutwa, wateja hawakuja. Nimempigia Chiku kumshukuru, kwanza kwa simu ya Oktoba ambayo sikuipokea kama inavyopaswa, pili kwa Mama. Nilimwambia nilimdhania vibaya. Akasema yamepita, wifi, mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kaa, kila mtu ana lake. Tukacheka, kweli kweli tukacheka.

Nikamwambia nataka bamvua la Desemba nishuke naye, nikakae tu karibu, nimbebee ndoo. Kisha akasema atanitembeza kwenye daraja la mikoko, asubuhi mapema kabla wageni hawajajaa, nimwone kulasitara na watoto wake. Na Zubeda atampeleka kaya kuona mbega, wavue viatu mlangoni kama desturi. Alisema kwa ukarimu, kwa sauti ile ile ya kwenye video.

"Na nimewatengea banda la kikundi," akasema, "lile linalotazama maji. Kitanda ni kizuri, kina chandarua."

Nikamuuliza, kwani chumba changu nyumbani kwa Mama kina nini? Akasema wanawe wanalala humo siku hizi, hakuna aliyejua kama nitakitaka.

"Sawa," nikasema. "Hakuna neno."

"Basi niambie, wifi, nimweleze na mama aandae. Mtalala siku ngapi?"

Kalamu ya chaki ilikuwa mkononi, nikaiweka mezani. Nje maji ya mvua yalikuwa yakikimbia barabarani kushuka upande wa uwanja wa michezo. Kibambani mtoto wa nyumba akifika hupewa maji, kisha sahani, na mambo mengine hufuata. Nimeishi kule miaka ishirini na tatu, nimepokea ndugu kutoka Tanga, Lamu na Unguja, na sijasikia mtoto wa nyumba akiulizwa atalala siku ngapi. Chiku hakukusudia kuniumiza. Aliuliza kama anavyowauliza wote, kwa adabu, ili chakula kitoshe.

"Kumi," nikamwambia. "Tutalala siku kumi."

"Karibuni sana," akasema Chiku.